Titi moja limetangulia, kaka mtu bado: jibu kwa mama wa Muheza

Swali:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muheza. Binti yangu ana miaka 9 na miezi 4. Wiki tatu zilizopita aliniambia ziwa la kushoto linamuuma. Nilipomshika nikakuta kidude kigumu chini ya chuchu, kama kishikizo cha shati. Kulia hakuna kitu. Wifi yangu anasema huo ni uvimbe, na yuko tayari kutoa nauli tumpeleke hospitali ya mkoa ukakatwe mapema. Jirani anasema ni hawa kuku wa kizungu. Kaka yake ana miaka 13 na miezi 8, na yeye ni kinyume: wenzake sauti zimeshapasuka, yake bado ya kitoto, na darasani hakuna mvulana mfupi kama yeye. Au wanangu wamebadilishana zamu? Na niwaambie nini? Mimi nililelewa na bibi. Siku niliyovunja ungo nilidhani nimejikata, nikajificha shambani mpaka jioni."

Jibu:

Marahaba, mama. Nianze na la haraka, maana nauli imeshatajwa: binti asikatwe.

Hicho unachokiita kidude ndicho ziwa lenyewe, linaanza. Kila mtoto huzaliwa na kitumba kidogo chini ya chuchu, kimelala. Pengine uliwahi kukiona kikishtuka kidogo alipokuwa mchanga, kwa sababu vichocheo vya mama hubaki mwilini mwa mtoto kwa wiki kadhaa na kuvivimbisha vifua vya wengine, wa kike na wa kiume. (Kuna wakunga waliokuwa wakiyakamua. Kukamua huleta jipu.) Baada ya hapo kitumba hulala tena kwa miaka. Kikiamshwa na vichocheo vya mtoto mwenyewe huwa kigumu, huinua chuchu kidogo, na huuma kikiguswa na nguo au kiwiko cha mwenzake darasani. Kwa wasichana wengi upande mmoja hutangulia. Wa pili hufuata baada ya wiki chache, na kwa wengine hadi miezi sita hivi. Hata ukubwani matiti mawili hayalingani sawasawa kwa wanawake wengi, wala hakuna anayewapima.

Sababu ya kusema asikatwe kwa ukali hivi ni mwanamke mmoja aliyewahi kumleta mwanawe kliniki kwangu. Wakati ananyonyesha niliona upande wa kushoto hana kitu, ni kovu tu. Akaniambia utotoni alikuwa na "uvimbe," wakautoa. Umri alioutaja ulikuwa kama wa binti yako. Waliotoa walitoa titi zima, maana kitumba kile hakina kingine cha kuota mahali pake. Saratani ya matiti kwa mtoto wa miaka 9 ni kitu cha nadra mno. Kitumba cha balehe hupitia kila msichana. Kwa hiyo hakikatwi, hakikandwi kwa maji ya moto wala jiwe, hakisukumwi kirudi ndani. Upande wa pili wapo wasichana, katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, waliokuwa wakiwatafuta wadudu wa majini wawang'ate chuchu ili matiti yatoke haraka. Nalo halisaidii, ila huuma kweli. Nenda hospitali kama ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, anapata homa, chuchu inatoa damu au usaha, au uvimbe hauko chini ya chuchu bali pembeni na unazidi kukua.

Sasa umri. Kwa msichana, kuanza balehe popote kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida. Kwa mvulana ni kati ya 9 na 14. Binti yako ana 9 na miezi 4, yumo ndani. Angekuwa na miaka 6 au 7 ningekuambia upande basi kesho, kwa sababu balehe inayoanza kabla ya 8 kwa msichana au kabla ya 9 kwa mvulana inahitaji kuchunguzwa, na kwa mvulana zaidi, maana kwake ndiko tunakokuta mara nyingi tatizo la kweli nyuma yake. Kijana wako naye bado yumo ndani, ila amesogea karibu na ukingo. Nitarudi kwake.

Jirani yako na kuku wa kizungu hayuko peke yake. Hoja hiyo naisikia kliniki karibu kila wiki. Kuku wa nyama hukua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miongo mingi na chakula chenye protini nyingi. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula cha kuku inameng'enywa tumboni mwake kama dagaa, kwa hiyo mfugaji angelazimika kumchoma sindano kila kifaranga, tena mara kwa mara, na hesabu hiyo haimlipi. Lawama inayowastahili zaidi wafugaji wetu ni ya antibiotiki zinazotolewa ovyo, lakini antibiotiki haioteshi matiti.

Kinachohusiana kweli ni shibe. Mafuta ya mwilini hutoa kichocheo kiitwacho leptini, nacho huupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Ndiyo maana mtoto mnene mara nyingi hutangulia, na mwenye utapiamlo huchelewa. Ulaya ya kaskazini katika karne ya 19 wasichana wengi walikuwa wakipata hedhi ya kwanza wakiwa na miaka 16 au zaidi. Kufikia katikati ya karne ya 20 umri huo ulikuwa umeshuka hadi 13 hivi. Babu na bibi zao hawakuwahi kumwona kuku wa nyama wa siku hizi. Vizazi vilivyofuata vilikula vizuri zaidi na kuugua kidogo. Kama bintiyo ana uzito uliozidi kimo chake, punguza soda, juisi za pakiti na chipsi, mwache aruke kamba na wenzake. Kama uzito wake ni wa kawaida, endelea kumpikia kama kawaida, kuku akiwemo.

Saa inayoamua haya yote imo kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huanza kutoa kichocheo kwa mapigo, mwanzoni usiku tu mtoto akiwa amelala. Mapigo hayo hufika kwenye tezi ya pituitari, ndogo kama njegere, nayo huagiza mifuko ya mayai kwa msichana na korodani kwa mvulana zianze kazi. Kinachoiamsha haipothalamasi ni protini iitwayo kisipeptini, na jina lake lina kisa. Jeni yake iligunduliwa 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, Marekani, na wagunduzi wakaiita kwa heshima ya chokoleti za mji huo ziitwazo Kisses. Wao walikuwa wakishughulika na saratani, wala hawakujua wameshika ufunguo wa balehe. Ilikuwa 2003 ndipo watafiti wa Ufaransa na wa Marekani, kila kundi kivyake, walipoonyesha kwamba watu ambao kipokezi cha protini hiyo kina hitilafu hawabalehe. Nakuambia haya ili ujue kwamba hukumlisha kitu kibaya, na hakuna aliyemtazama kwa jicho baya. Saa imegonga.

Na saa ikishagonga, mambo huja kwa mpangilio. Mpangilio ndio ninaouangalia kliniki kuliko tarehe. Waliouandika vizuri ni Waingereza wawili, William Marshall na James Tanner, waliofuatilia watoto waliolelewa katika makao ya watoto huko Harpenden. Ripoti ya wasichana ilitoka 1969 na ya wavulana 1970. Hadi leo daktari akisema mtoto yuko "hatua ya pili" au "ya tatu," anatumia hatua tano za Tanner. Kwa bintiyo ramani ni hii: kitumba cha titi sasa, nywele za kinena baada ya miezi kadhaa, ingawa kwa wengine hutangulia, kisha kurefuka kwa kasi, hadi sentimita 8 hivi katika mwaka mmoja wa kilele, halafu hedhi. Kutoka kitumba mpaka hedhi ni miaka miwili hadi miwili na nusu kwa wengi. Hesabu basi: huenda akavunja ungo akiwa na miaka 11 na nusu au 12. Una muda, lakini si wa kuupoteza.

Miezi sita mpaka mwaka kabla ya hedhi ya kwanza utaona ute mweupe kwenye chupi yake. Hauwashi wala haunuki. Akina mama wengi huudhania ugonjwa, wakamwosha mtoto kwa sabuni ya dawa ndani mpaka akapata ugonjwa wa kweli. Uke hujisafisha wenyewe. Maji safi nje yanatosha. Ute huo uuchukue kama barua ya taarifa. Siku utakapouona, mwekee kwenye begi la shule kifuko chenye pedi mbili, chupi safi na kipande cha kanga cha kujifunga kiunoni. Kama pedi ni ghali, vitambaa vya pamba vinafaa, ilimradi vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani, siyo kufichwa chini ya godoro vikabaki na unyevu. (Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Aliyeumia kati ya serikali na wenye maduka unamjua.)

Hedhi yenyewe kwa miaka miwili ya mwanzo haina adabu. Inaweza kuja leo, ikapotea mwezi na nusu, ikarudi. Damu yote ya siku hizo kwa kawaida ni vijiko vitatu hivi vya chakula, ingawa kwa macho ya mtoto huonekana ndoo. Asipitishe siku saba akitoka damu, na akilazimika kubadilisha pedi iliyolowa kila saa, mpeleke. Maumivu ya tumbo yanatulizwa kwa chupa ya maji ya uvuguvugu na dawa ya maumivu ya kawaida akiwa amekula, maumivu ya kumkosesha shule kila mwezi hayapaswi kuitwa "ndiyo uanamke." Hayo yana matibabu. Baada ya hedhi ya kwanza ataongezeka sentimita tano hadi saba tu, kisha basi, ndiyo maana wasichana waliotangulia kurefuka darasa la tano hukuta kidato cha pili wamepitwa na wote.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoogopa zaidi kwa ajili ya binti yako, kuliko kwenye kitumba. Atakuwa na mwili unaoonekana wa miaka 14 na akili ya miaka 10. Watu wataanza kumwita "mama," "mchumba," kumwagiza dukani mara nyingi kuliko kaka yake, kumkalia karibu kwenye daladala. Yeye bado anataka kucheza rede. Matiti si ruhusa, na hedhi haikumfanya mtu mzima. Mfupa wa nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza; ndiyo maana watoto wa mimba za utotoni hukwama njiani wakati wa kuzaliwa na kumwachia mama fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi bila kujizuia. Hata sheria imechukua muda kulielewa hili. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia, au 14 mahakama ikiruhusu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Mtu yeyote wa ukoo akianza kusema "huyu ameshaiva," jibu lako liwe tayari.

Na kwa kuwa ameshatimiza miaka 9, ulizia zahanati chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Hapa kwetu wanapewa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema, miaka mingi kabla ya mtu kukutana na kirusi chenyewe.

Sasa kaka mtu.

Kwanza nikuondolee lile la kubadilishana zamu. Wavulana huanza baadaye kuliko wasichana, na kurefuka kwao kwa kasi huja karibu miaka miwili nyuma, kwenye 13 na nusu au 14 kwa wastani. Miaka hiyo miwili ya ziada ya kukua polepole ni sehemu kubwa ya sababu ya wanaume kuwa warefu kuliko wanawake ukubwani. Kwa hiyo ufupi wa leo si ufupi wa kesho.

Pili, wewe unasikiliza sauti, na sauti ni dalili inayokuja kwa kuchelewa kwa kila mvulana. Alama ya kwanza kabisa kwa mvulana haionekani wala haisikiki: ni korodani kukua. Zikifika ujazo wa mililita 4, urefu wa sentimita 2 na nusu hivi, balehe imeanza, hata kama sura na sauti bado ni za mtoto. Kisha ngozi ya pumbu hulegea na kuwa nyeusi kidogo, nywele huota kinena, uume hurefuka, ndipo kimo na sauti, na ndevu mwisho kabisa. Yawezekana kijana wako ameshaanza mwaka jana na hajui mwenyewe. Daktari hupima kwa kifaa kinachofanana na tasbihi: shanga 12 za umbo la yai, ndogo kabisa ya mililita 1 na kubwa ya 25, alizozibuni daktari Andrea Prader wa Zürich, Uswisi, tukazitumia tangu 1966. Daktari hulinganisha kwa mkono, dakika moja imekwisha. Vijana huogopa wakiingia, wakiziona shanga hucheka. Mweleze mapema kwamba atapimwa, kwamba baba au wewe unaweza kuwepo, na kwamba ni daktari tu, kwa sababu hiyo na mahali hapo, ndiye anayepima.

Tatu, muulize baba yake alirefuka lini. Kama hayupo, waulize baba zake wadogo. Sababu kubwa kuliko zote ya mvulana kuchelewa ni ukoo. Utasikia: "Mimi nilimaliza darasa la saba nikiwa kama kidole, nikarefuka sekondari, suruali zikawa kaptula." Na wewe ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi? Kama ilikuwa 15, hiyo nayo ni taarifa. Watoto wa namna hii, tukipiga picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, mifupa hutuambia umri mwingine: ana 13 kwenye cheti cha kuzaliwa, ana 11 kwenye mifupa. Hao huchelewa kuanza, huchelewa kumaliza, na hufika pale walipoandikiwa.

Lakini ukoo ni jibu tunalolitoa baada ya kuyaondoa mengine. Nyumbani unaweza kuanza na kalamu. Msimamishe bila viatu kwenye fremu ya mlango, visigino vikigusa, weka kitabu bapa kichwani, chora mstari, andika tarehe. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Mtoto ambaye bado hajabalehe huongezeka sentimita 4 hadi 6 kwa mwaka. Akipungukiwa 4, hilo halihusu tena kuchelewa tu. Jiulize pia: anaumwa mifupa mara kwa mara, macho ya njano, aliwahi kuongezewa damu? Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu (sikoseli), na ugonjwa huo huchelewesha balehe kwa mwaka au miwili. Virusi vya UKIMWI alivyozaliwa navyo mtoto bila kutibiwa hufanya vivyo hivyo, na pumu kali, matatizo ya figo, kuhara kusikoisha, na njaa. Halafu lipo swali ambalo wazazi hunishangaa nikiliuliza: ananusa? Akiingia jikoni samaki akiungua, yeye hujua? Seli zinazotoa kile kichocheo cha haipothalamasi, mtoto akiwa tumboni, husafiri kwenda ubongoni kwa njia ileile ya mishipa ya kunusa. Safari ikikwama, mtoto huzaliwa bila uwezo wa kunusa na hafikii balehe bila kusaidiwa. Ni nadra, ila swali ni la bure.

Akitimiza miaka 14 bila korodani kukua, aonwe na daktari wa watoto. Mara nyingi tunasubiri tu na kupima tena. Kama kuchelewa kunamvunja moyo, zipo sindano za testosteroni za dozi ndogo, moja kwa mwezi kwa miezi michache, za kuiamsha saa. Hizo huandikwa hospitali. Usimpe za kununua mitaani au za wanyanyua vyuma; dozi kubwa hufunga ncha za mifupa na kumwacha mfupi milele. Wala vumbi la Kongo. Nasema hivi kwa sababu nimeulizwa.

Kuna jambo moja zaidi la kijana huyu: huenda katikati ya balehe yake kitumba kikamtoka naye, upande mmoja au wote. Hutokea kwa karibu nusu ya wavulana, huondoka chenyewe kati ya miezi sita na miaka miwili. Kama hajaambiwa, atajifunga kitambaa kifuani na kuacha kuogelea na wenzake, wala hatakuambia.

Ndipo tunafika kwenye swali lako la mwisho, na lile shamba ulilojificha. Bibi yako hakukosa upendo. Utaratibu wa pwani ulikuwa kwamba mama na bibi hawasemi. Anayesema ni somo, au kungwi, na husema baada ya ungo kuvunjika, mwari akiwa ndani. Kwa wavulana kulikuwa na jando. Siwacheki makungwi. Walikuwa na kitu ambacho sisi hospitali hatuna: mtu mzima mmoja aliyepewa kazi rasmi ya kuulizwa maswali yote. Ila walichelewa, na sehemu kubwa ya mafunzo ilimfundisha mke, wakati aliyekaa mbele yao alikuwa mtoto. Somo wa leo aje miaka miwili kabla. Anaweza kuwa wewe. Anaweza kuwa wifi yako, akishaacha habari ya kukata.

Binti usimwite kikao. Vikao huwafunga watoto midomo. Mwambie mkichambua mchele: "Hilo linalouma ni titi linaota. La pili litakuja. Mimi pia lilianza moja." Siku nyingine mweleze damu: inatoka wapi, kwa nini, kwamba si jeraha. Msimulie ulivyojificha shambani. Hiyo hadithi yako ina thamani kuliko mabango yote ya kliniki. Majina ya viungo yataje kama yalivyo, uke, chuchu, korodani, uume, maana mtoto mwenye "kidude" tu hawezi kumweleza mwalimu wala polisi ni wapi alipoguswa. Na hapo hapo mwambie: hakuna mjomba, mwalimu, ustadhi, mchungaji wala dereva wa bodaboda mwenye siri na mwili wako, akikuambia usimwambie mama, ndiyo uje uniambie.

Kijana mwambie habari ya ndoto. Ataamka siku moja shuka limelowa, na kama hajui atadhani amekojoa au ameugua. Mwambie pia kwamba uume kusimama wenyewe, hata akiwa mbele ya darasa anasoma insha, ni damu na vichocheo vikijaribu mitambo, hakumaanishi ana mawazo mabaya. Kujichua hakuleti upofu wala utasa; upande wa dini ni wenu nyumbani, lakini msimtishe kwa ugonjwa usiokuwepo. Kama ni Mwislamu, ndoto ya kwanza ndiyo inayomfungulia wajibu wa sala na josho la janaba, kwa hiyo baba au mwalimu wa madrasa ana sababu njema ya kulianzisha mazungumzo yenyewe. Ikiwa baba hayupo, sema naye wewe. Mvulana kuambiwa na mama hakumpunguzii kitu.

Wote wawili wataanza kumtazama mtu fulani darasani na kukosa usingizi. Wataona aibu, watafunga mlango wa chumba, watakujibu mkato, usiku hawalali na asubuhi hawaamki. Hata hilo la usingizi si ukaidi mtupu. Katika balehe mwili huchelewa kutoa kichocheo cha usingizi. Wakiwa wamefunga mlango, bisha hodi.

Na yule wa kiume amekuwa akimtania mdogo wake? Hukuandika, lakini miaka minne ya tofauti na dada anayekaribia kumfikia kimo, nadhani anamtania. Mwambie kila mmoja ya mwenzake, kwa kifupi, bila aibu. Mvulana anayejua kitumba ni nini ndiye atakayewanyamazisha wenzake shuleni.

Nauli ya wifi msiirudishe. Itumieni kumpeleka kijana kupimwa kwa zile shanga, na mkiwa njiani ashike daftari lenye mistari ya fremu ya mlango na tarehe zake.